Mama Alikwisha Kusoma

Kiringye, siku ya tano

Mdogo wangu mpenzi Donatien,

Yesu na Maria wakae nyumbani mwako. Natumaini barua hii inakukuta mzima, weye, mke wako Arakaza na watoto, na kwamba kile kifua cha mtoto wa mwisho kimetulia. Sisi huku tunapumua, tunamshukuru Mungu. Mpunga umetoa masuke na ndege wameujua, kwa hiyo mume wangu Frédéric amebaki Mutarule kuwafukuza. Anakusalimu sana. Mama iko muzima wa mwili. Kuhusu moyo wake, hiyo ndiyo sababu ya karatasi hii.

Utajiuliza kwa nini yaya wako, dada yako mkubwa, hakupiga telefone. Kwa telefone ungeniambia mtandao ni mbaya, nitakuita kesho. Barua haikatiki. Nampa Mama Safi anayerudi Uvira na vitenge vyake, na nimemwomba asiiache mlangoni, asimame hapo mpaka akuone umeifungua. Basi soma, na ukae chini.

Nimekasirika, Donatien. Nakwambia mapema ili usije ukanitafutia maana nyingine.

Unakumbuka maneno yako ya redio, ile siku ya posho, Jumamosi kabla ya sikukuu ya Biblia. Huku tulikusikiliza wote, maana ni wangapi katika bonde hili wana ndugu anayesema redioni? Ulisema vizuri. Ulisema Mkristo asiyefungua Biblia kila siku ni kama mkulima anayetazama jembe lake ukutani na kungoja mavuno. Hapo nilipiga makofi peke yangu jikoni. Kisha ukaendelea. Ukasema kwamba mama yako mzazi, mjane wa Kiringye, mwenye mvi, anasoma Biblia kila asubuhi kabla ya kushika jembe, na kama yeye anaweza, vijana wa Uvira wana sababu gani?

Mimi makofi yaliishia hapo. Nilijiuliza, Mama yupi huyo?

Kesho yake Protais, mkubwa wa shirika la sala la akina Mama hapa, unamjua, yule anayependa kusema akiwa amesimama, alitangaza mbele ya watu kwamba shirika limepata heshima redioni. Akasema somo la siku hiyo atalisoma Mama Uwimana mwenyewe. Alikuwa anafikiri anamtukuza, hilo namkubalia. Akamwekea Biblia mikononi. Walionisimulia wanasema Mama aliipokea kwa mikono miwili, akaibusu, akaigusisha kwenye paji la uso, akamrudishia. Protais akamwambia kwa upole asome. Mama akajibu kwa Kirundi chake, “Narasomye.” Nimekwisha kusoma.

Nawe ni mtoto wa Kirundi, sina haja ya kukufundisha. Gusoma ni kusoma kitabu, gusoma ni kubusu, na gusoma ni kunywa kidogo kidogo kama muntu anayepewa uji wa moto. Watu walielewa na wakacheka. Walicheka mpaka wengine wakainama. Irankunda, yule jirani wa ng’ambo ya mfereji, akasema kwa sauti kwamba sisi tunasoma na macho, kumbe kuna wanaosoma na midomo. Na tangu siku hiyo watoto wakimwona Mama anapita na ndoo wanamwita Mama Bizu, Mama wa Mabusu. Mama yetu, Donatien. Kwa umri ule, jina la bizu.

Hakurudi tena kwenye shirika. Kwenye misa alienda, lakini wakati wa komunio alibaki kwenye benchi. Habari ilinifikia Mutarule kwa mtu wa mihogo, nikafunga kanga yangu nikaja.

Nilipofika sikuketi hata kidogo. Nilikwenda moja kwa moja kwa Protais. Nilimwambia kwamba kumdhihaki mzee ndani ya sala ni dhambi yenye miguu miwili, mmoja kwa mzee na mwingine kwa Mungu. Nilimweleza kwamba Mama si mwongo, kwamba aliambiwa uyisome akaelewa uibusu, kosa la neno tu, lugha yenyewe ndiyo ilimtega. Protais akashika kichwa. Akasema kweli, kweli, maskini, alichanganya. Siku ya Mungu iliyofuata aliwaeleza watu wote, wakasikitika, na Irankunda akaleta bakuli la ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, kuomba msamaha. Mimi nikarudi kwa Mama nikitembea kama wakili aliyeshinda kesi.

Mama alikuwa anachambua majani ya mihogo ya kupika sombe. Nikampa habari. Hakuinua macho. Akaniuliza kama ni kweli nimewaambia watu kwamba yeye hajui Kirundi.

Nikasema, Mama, nimesema tu kwamba neno lina maana nyingi.

Akaweka sombe pembeni. Sijawahi kumwona amekasirika vile, hata siku ile ng’ombe wa watu walipolala katika mahindi yake. “Generose, minye nimezaliwa ndani ya Kirundi. Nimewafundisha weye na ndugu yako kusema maji na moto kwa Kirundi. Leo unakwenda kuwaambia watu kwamba sijui gusoma ni nini?”

Hapo ndipo niliposikia jambo ambalo nataka uliweke moyoni na lisitoke.

Mama hakukosea neno. Siku ile ulipomletea Biblia ile kubwa yenye kamba nyekundu, ukaiweka mapajani mwake na kumwambia, “Mama, uyisome buri musi,” alikusikia vizuri sana. Alijua unasema asome kwa macho, kila siku. Alikutazama usoni, na akaona kwamba hujui. Hujui kwamba mama yako hakuwahi kufundishwa hata herufi ya jina lake. Ulikwenda shule ya bweni ukiwa mdogo, barua zako alikuwa anazisoma marehemu Baba, na majibu aliandika Baba. Nyimbo za misa Mama anazo kichwani zote, kwa hiyo ukimwona kanisani hakuna kinachokosekana. Kwa hiyo hukuuliza. Ulikunywa chai, ukapanda pikipiki, ukaenda zako. Nami niliyejua sikufikiri.

Nikamwuliza kwa nini hakukwambia. Akasema, “Utamwambiaje mtoto uliyemsomesha mpaka akasahau kwamba mama yake hakusoma?”

Nikamwuliza, na kubusu je? Akarudi kwenye sombe zake. Kisha akasema kwamba mtoto akilia kwa njaa na chakula hakijaiva, mama hawezi kumshibisha, lakini anambusu ili angoje. Alikuwa anaibusu kila asubuhi ili isichoke kungoja. Siku moja mmoja wenu atakuja kuifungua, ndivyo alivyosema. Mmoja wenu.

Komunio anaikosa kwa ajili ya neno lile narasomye. Anasema alijua watu watasikia maana gani, akalitumia kujificha, na mpaka padri apite kuungamisha watu hataki kujihesabia haki. Weye msomi, wewe ulisema uongo redioni ukalala usingizi wako. Yeye aliyesema ukweli wa midomo yake anajinyima mwili wa Bwana. Ona mwenyewe nani kati yenu anaishika Biblia hiyo.

Tangu hapo nimekuwa nikimsomea mimi. Kila asubuhi, umande ukiwa bado kwenye majani, kabla ya jembe, kama ulivyomsingizia. Mimi nimeishia shule ya primeri, nakwama kwenye majina marefu, ananingoja. Hataki nyingi. Nikipita mistari michache ananizuia, anasema tusome kama uji, kijiko kimezwe kwanza. Tulipofika kwa yule mjane aliyemsumbua hakimu mpaka akapewa haki yake, alitaka kujua kwa nini hakimu ametajwa cheo na mjane hakutajwa jina. Alikwenda nayo shambani siku nzima. Jioni akanirudia kwamba hajaridhika. Miaka yote nimesikiliza mahubiri, sijawahi kubeba somo mpaka shambani namna ile. Kitabu kile kilikuwa kimelala nyumbani mwa muntu mwenye njaa yake kubwa hivyo, na sisi tuliojua herufi tulikuwa tunatumiana salamu.

Lakini nina nyumba Mutarule, na mpunga haungoji. Wiki hii ikiisha narudi. Biblia itafungwa tena katika kitambaa chake. Kwa hiyo sikiliza. Siku ya posho utasimama redioni mahali pale pale na utasema kwamba mama yako hajui kusoma, na kwamba wewe hukujua. Usiseme kwa lugha ya kuzunguka. Halafu utakuja Kiringye. Hata kama ni mara moja kwa juma, utakuja, na utatafuta hapa kijijini mtu wa kumsomea siku nyingine, umwombe mwenyewe kwa kinywa chako. Irankunda amesema angeweza. Namsubiri nione. Na usilete sukari wala kitenge. Mama amesema ulete macho.

Ukisema una kazi nyingi za kuwafundisha watu kusoma Biblia kila siku, nitakuja huko na barua hii nami nitaisoma redioni, na mtandao hautakuwa mbaya.

Neno la mwisho. Leo asubuhi tulipomaliza kipande chetu, Mama aliichukua Biblia mikononi mwangu, akaibusu. Nikacheka kidogo, nikamwambia, Mama, si tumekwisha kuisoma? Akaifunga katika kitambaa taratibu.

“Ile ilikuwa yetu,” akasema. “Hii ni ya Donatien, bado anangojewa.”

Nisalimie Arakaza, nibusie watoto, na Mungu akupe aibu yenye faida. Mama anakusalimu. Hajui kwamba nimekuandikia kwa ukali huu, na usimwambie.

Ni mimi yaya wako akupendaye,

Generose