Nyasi za Tanga kwenye Baridi ya Mbeya

Mjukuu wangu Lusekelo,

Huku Mbeya tu wazima. Goti la bibi yako limepona, ila anakugombeza kwa ukimya wako.

Umeuliza kama uchukue nyasi za huku ukapande mbele ya nyumba yako Rujewa.

Miaka ya hamsini, kabla sijawa mwandishi wa habari, dada yangu Tumpe alileta nyasi za majani mapana kutoka Tanga, alikosomea ualimu. Alizipanda mbele ya nyumba yetu ili wakwe zake kutoka Iringa wakae hapo siku ya harusi yake. Wiki ya harusi yenyewe, mwezi wa Juni, tuliamka tukazikuta nyeusi zote, kama zimeunguzwa. Mama alishika kichwa. Tumpe alikwenda moja kwa moja kwa jirani yetu, Mama Atu, aliyezoea kumcheka kwamba anapanda malisho mlangoni.

"Umezimwagia maji ya moto!"

"Na maharage yangu je, nimeyamwagia mwenyewe?"

Mama Atu alimvuta mkono hadi bondeni. Maharage yake yote yalikuwa meusi. Sakitu, ule umande unaoganda usiku, ilikuwa imemaliza chakula cha watoto wake. Kando ya njia, ukoka wa kwetu ulikuwa bado hai.

Nimeripoti mengi tangu hapo, lakini sijaona mtu aliyeduwaa kama dada siku ile.

Kwa hiyo usibebe za huku. Joto la Rujewa ni jingine. Tazama nyasi zinazobaki kijani huko mwezi wa kumi, upande hizo.

Siku ya harusi, wakwe walikaa uani kwa Mama Atu. Alikuwa amefagia mwenyewe.

Babu yako