Ufunguo wa Sabiri

Handeni, 9 Agosti 2024

Shemeji Maryamu,

Shikamoo. Mahindi tumeshavuna, na mama anakusalimu huko Vugiri.

Nakumbuka marehemu kaka alivyokusomea maneno ya ile Linux yake ya Kiswahili, ule mfumo wa kompyuta, ukichambua maharage. Ukicheka, anabadilisha neno. Shule bado zinaitumia, ila kompyuta zinakataa maboresho yasiyopitishwa kwa ufunguo wake wa siri.

Ufunguo huo ulikuwa kwenye kompyuta yake. Baada ya arobaini nilifuta vyote vilivyokuwamo, na ufunguo ukapotea, nikaipeleka madrasa iwe sadaka yake. Sikuuliza mtu. Pritesh, mwenzake wa kazi, aliponiuliza, nikasema kaka hakuacha kitu. Sasa anazunguka hadi Mkumbara kuweka mfumo upya, kompyuta moja moja, na kwenye kundi lao la mtandaoni wanaandika, "Sabiri mchoyo, kaenda nao kaburini." Miezi mitatu nimeyasoma hayo nikanyamaza.

Leo nimewaandikia kuwa ni mimi niliyeufuta. Pritesh kajibu, "Mdoe, ungesema tu, ndugu yangu." Heri angenitukana. Nimetaka wewe uyasikie kutoka kwangu.

Ukimwombea kaka, nami unikumbuke.

Shemeji yako,
Mdoe