Swali la Nne la Wahi

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Baridi. Ukungu umeufunika Mlima Elgon mpaka chini, na nguo za jana bado ni mbichi kambani. Nimeamka saa kumi na moja bila kengele.

Leo Wahi imeanza kazi. Naandika jina tena kwa sababu napenda kuliona: Wahi.

Niyapange mambo, nisije nikasahau nilianzia wapi. Miaka sita nimepima maziwa kwenye kituo cha ushirika hapa Kitale. Miaka sita nimesikia kina mama wakilalamika kwamba ng'ombe alikuwa kwenye joto juzi, akitaka dume, daktari wa mbegu amefika leo, kazi bure. Ukiliona joto asubuhi, apandishwe mbegu siku hiyohiyo. Likipita, unangoja wiki tatu nyingine, na ng'ombe anakula tu. Mwezi wa nane nikaacha kazi.

Wahi ni namba moja ya simu. Mfugaji anatuma ujumbe, anaulizwa maswali matatu: uko wapi, joto umeliona saa ngapi, unataka mbegu ya ng'ombe gani. Mashine inamtafuta daktari aliye karibu zaidi na kumtuma. Programu ameiandika Ian, tuliyesoma naye sekondari, ambaye siku hizi ana duka la simu Bungoma. Anasema toleo la kwanza liwe dogo kabisa, litoshe tu kuonyesha kama watu wanalitaka. Madaktari ni watatu: Kimeli hapa Kitale, Chepngeno wa Moi's Bridge, Jotham wa Tongaren.

Mzee Hiram, mwenyekiti wa ushirika, ametupa wiki tatu za majaribio. Kila ng'ombe afikiwe kabla masaa sita hayajaisha tangu mwenyewe aite. "Mkikosa tatu, tunasahau hii kitu, Nelima. Mkipita, namba yako inachapwa kwa kadi ya maziwa ya kila member." Kadi elfu mbili na mia nne. Kamati inakaa tarehe ishirini na nne.

Mpaka jioni hii: ujumbe, hakuna hata mmoja. Simu imelia mara tatu na kukatika kabla sijaipokea.

Jumanne, 4 Novemba

Manyunyu tangu alfajiri.

Imelia na kukatika tena, mara saba. Nikaamua kupiga mwenyewe. Mama mmoja wa Kiminini akapokea, hata salamu hakungoja.

"Nimekuflash tangu jana. Ng'ombe inataka ndume."

Nikamuuliza mbona hakutuma ujumbe kama karatasi tuliyogawa ilivyoeleza. Ati mikono imejaa maziwa, ujumbe ataandika na nini? Na si nimeona namba yake?

Miezi mitatu tumejenga ujumbe mfupi, na hawa watu wanaflash, wanapiga na kukata ili wapigiwe! Mimi pia naflash. Nyumbani Myanga tumekua tukiflash. Sijui nilifikiri wateja wangu wangekuwa kina nani.

Nikampigia Ian. Akacheka kwanza, kisha akasema nimpe mpaka saa kumi. Saa tisa na nusu ikawa tayari: ukiflash, namba yako inaingia kwenye orodha na saa yake. Nakupigia, naandika majibu mwenyewe, mashine inachagua daktari. Ian anaona aibu kwamba katikati kuna mtu na kalamu. Mimi sioni.

Ng'ombe wa Kiminini alifikiwa na Kimeli saa moja na dakika hamsini tangu nilipompigia mama. Wa kwanza. Nimemwandika kwa wino wa buluu.

Ijumaa, 7 Novemba

Jua kali asubuhi, mvua saa nane.

Ng'ombe tisa. Wanane wamewahiwa. Mmoja tumemkosa: pikipiki ya Jotham ilizama kwenye tope, akaisukuma mpaka muda ukaisha. Nimeandika KOSA 1 kwa wino mwekundu.

Lakini wanane! Mama mmoja wa Moi's Bridge alimwambia Chepngeno kwamba kwa miaka kumi hajawahi kumwona daktari siku aliyomwita. Chepngeno akanipigia kuniambia hilo tu. Nimetembea chumbani nikizunguka meza.

Jumatano, 12 Novemba

Asubuhi safi, mlima wote ulionekana. Siku yenyewe haikuwa safi.

Saa moja akaflash Mama Nakhumicha, mjane wa Tongaren. Mashine ikamchagua Jotham, kilomita mbili tu. Nikasema hii itakuwa rekodi. Saa nne nikampigia Jotham.

"Umemaliza?"

"Niko kwa gate."

"Bado uko kwa gate?"

Kwa sauti ya chini sana: "Nelima, unajua umenituma kwa nani? Huyu ni mama mkwe wangu."

Mashine humpa daktari kijiji na namba ya simu, jina haitoi. Na mama alikuwa amebadilisha laini. Jotham alielekezwa njia na jirani, akaiona miti ya nyumba, akaitambua, akasimama. Mama naye alikuwa amemshika ng'ombe uani, akimngoja daktari. Akainua macho, akamwona mkwe wake na gamubuti na glavu ndefu ya mpaka begani. Akaiachilia kamba, akaingia jikoni, akafunga mlango.

Basi. Kwetu mkwe na mama mkwe hawakaribiani: mkwe hawezi kuingia, mama hawezi kutoka. Ng'ombe katikati anazunguka na kulia.

Nikampigia mama. Alinong'ona kutoka jikoni. "Mwanangu, mwambie aende. Mwambie sijakasirika. Lakini aende."

Jotham alikuwa akisikia aibu kuliko yeye. Nikamtafuta Chepngeno, alikuwa na ng'ombe mwingine mbali. Kimeli vilevile. Saa saba ikafika. KOSA 2.

Hakuna wa kulaumu ila mimi. Ian ningemsamehe, yeye huwaza kilomita tu. Lakini mimi! Shemeji yangu akija Myanga, mama yangu hutoka kwa mlango wa nyuma. Nimeliona hilo tangu nikiwa mtoto, nikaunda mashine isiyolijua.

Limebaki kosa moja tuanguke, na siku ni kumi na moja.

Alhamisi, 13 Novemba

Mawingu. Nimekuwa Bungoma tangu saa tatu, dukani kwa Ian, simu ya Wahi mkononi. Ng'ombe wawili wameita nikiwa huko, wote wamewahiwa.

"Niaje, madam. Nimeskia tumefunga mtu jikoni," akanipokea.

Nikamwambia si mchezo. Akasema anajua, amekaa nayo tangu jana. Wazo lake: kila daktari alete orodha ya wakwe zake wote na namba zao, mashine iwaruke.

"Na Desemba wakioa wengine?"

"Wataongeza."

"Na yule amegombana na jirani juu ya mpaka wa shamba? Na yule alikuwa mume wa dada yako, wakaachana?"

Ian akashika kichwa. "Kwani code ijue mambo ya boma yote?"

Hapo nikaona. Isijue. Iulize. Swali la nne: kati ya madaktari wetu, kuna ambaye hawezi kuingia kwako? Mwenyewe ataje jina, mashine imruke, imchukue anayefuata. Ian akauliza nafasi ya kuandika sababu iwe ya maneno mangapi. Nikasema hakuna nafasi ya sababu. Akanitazama. "Hata kidogo?" Hata kidogo. Mtu akijua sababu itaandikwa, hatajibu.

Saa nane likawa tayari. Sijasomea kompyuta, nimeishia kidato cha nne, lakini swali hilo ni langu, na hakuna mtu wa mbali ambaye angeliwaza.

Jumapili, 16 Novemba

Jua. Ng'ombe ishirini na saba mpaka leo. Waliotaja jina kwa swali la nne: watano. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza swali ni la nini. Mama mmoja mzee wa Tongaren alicheka mpaka akakohoa. Ati hii simu imelelewa vizuri.

Nimelirudia hilo kwa kila mtu. Hata mwenye kibanda cha mboga nimemwambia.

Alhamisi, 20 Novemba

Mvua usiku, asubuhi imetulia.

Nimempelekea Mzee Hiram ripoti ya kati. Ameipenda ramani, amependa dakika. Akafika kwa safu ya swali la nne, akaigonga kwa kidole. "Hii ya nini?" Nikamweleza ya Tongaren. Akacheka vizuri, yeye ni mtu wa Bungoma, anajua. Kisha akasema kwenye kamati kuna watu wa hesabu, wataona daktari wa karibu ameachwa na wa mbali amechoma mafuta, watauliza. Niwe na majibu.

Nikasema nitakuwa nayo.

Jumapili, 23 Novemba

Asubuhi ya jua laini, upepo kidogo, mahindi yaliyokatwa yamesimama kwa mafungu mashambani. Siku ya mwisho. Ng'ombe arobaini na wanne, makosa mawili. Kanisani sikwenda, nilibaki na simu.

Saa nne na dakika tano ikaflash namba nisiyoijua. Nikapiga. Sauti ya mama, ya chini, na nyuma yake redio.

"Ni Mama Linah. Mke wa mwenyekiti."

Nikasimama. Mzee Hiram ana daktari wake wa zamani, sikuwahi kutegemea simu kutoka boma lile. Akasema huyo wa zamani hapokei simu, mzee ameenda harambee ya kanisa, ng'ombe ni yule mkubwa wa maziwa mengi, na yeye ameamua kujaribu hii namba ambayo mzee hamalizi kuisema mezani.

Uko wapi: najua. Joto saa ngapi: alfajiri. Mbegu gani: ya Ayrshire. Nikafika swali la nne kwa mazoea tu. Kimeli yuko dakika kumi kutoka kwao, nilikuwa nimeshaanza kuandika jina lake.

Akapunguza redio.

"Kimeli asije."

"Sawa, mama."

"Si kwa ubaya. Kimeli atakuja siku nyingine. Na wazee wake." Akapunguza sauti zaidi. "Linah ameniambia wiki iliyopita. Baba yake bado hajaambiwa. Sasa kijana anipate mara ya kwanza nikishika mkia wa ng'ombe?"

Nikasema nimeelewa. Nikampongeza pia, akacheka kidogo, akakata.

Sababu sikuiandika popote, isipokuwa hapa, na hapa hapasomwi na mtu.

Jotham alikuwa Tongaren na ng'ombe wawili wakimngoja. Akabaki Chepngeno. Chepngeno alikuwa harusini, upande wa pili wa Moi's Bridge, amevaa sare ya wasimamizi. Mtungi wa mbegu uko nyumbani kwake. Saa yangu ya mwisho ni saa kumi na dakika tano. Nikamweleza: ni ya mwisho, ni ya mwenyekiti, tukikosa ni tatu. "Wacha nikule keki kwanza," akasema. "Nakutania, Nelima. Nishaanza kutoka."

Saa sita hajafika kwake. Saa saba na nusu amechukua mtungi, pikipiki haina mafuta. Saa nane na nusu yuko njiani. Hapo nilimfikiria Kimeli, dakika kumi tu, amekaa bure. Ningemtuma na ng'ombe angewahiwa na kadi elfu mbili na mia nne zingekuwa zangu. Nilikuwa na namba yake kwenye kioo. Nikaiweka simu kifudifudi.

Saa tisa na dakika arobaini na nane: ujumbe wa Chepngeno. "Kazi imeisha. Nilivaa gamubuti na gauni la harusi. Mama amenipa chai."

Dakika kumi na saba zilibaki. Ng'ombe arobaini na watano, makosa mawili. Nimeandika kwa buluu, nikapiga mstari chini mara mbili, nikampigia Ian, tukapiga kelele kama watoto.

Saa mbili usiku akapiga Mzee Hiram. Nikafikiri ni pongezi, na kwanza zilikuwa. Amefika nyumbani, ameambiwa, amefurahi sana, hata yule daktari wake wa zamani hajawahi kufika Jumapili. Kisha:

"Lakini nauliza. Kimeli yuko hapa chini. Kwa nini mlinitolea msichana wa watu kwa harusi, Moi's Bridge yote hiyo?"

"Mwenye ng'ombe aliomba, mzee."

"Mwenye ng'ombe ni mimi."

"Aliyeflash, mzee."

Nikasikia redio yao.

"Ni hilo swali la nne," akasema polepole. "La wakwe. Mimi sina mkwe, Nelima." Kisha: "Ama niko na mkwe?"

Nikamwambia swali halina nafasi ya sababu, ndivyo tulivyolijenga, na nikilivunja kwa boma moja hakuna boma lingine litakaloniamini. Nikasema pole, mzee.

Mwishowe: "Basi kesho saa nne utaeleza kamati hivyohivyo." Akakata. Sikuweza kujua kama amekasirika au anatabasamu.

Nimechapisha ripoti. Mstari wa arobaini na tano: daktari wa karibu Kimeli, aliyetumwa Chepngeno, sababu — safu haipo. Nimeusoma mara tatu. Sibadilishi. Nguo ya kesho imepigwa pasi.

Saa nne na robo. Nalala.