Duka Langu la Siku Nane

Ijumaa, 3 Aprili 2015

Ndiyo, ni langu. Lote. Unga, tambi, biskuti, katoni za whisky, hadi panya. Jirani yangu Mama Furaha kaniuliza mara ya tatu kama nimelewa. Sijalewa. Bado.

Kila mwaka kabla ya Pasaka yao, Mzee Solly ananiuzia stoo. Wayahudi siku hizo nane hawali kitu chenye hamira au cha nafaka inayochacha, wala hawaruhusiwi kuwa nacho. Si kukificha kabatini. Kuwa nacho. Sasa mzee mwenye duka la jumla la unga afanyeje? Anamuuzia asiye Myahudi. Yaani mimi, Festo wa Kigoma, darasa la nne, muuza chaja kwenye robot, taa za barabarani. Natanguliza hela kidogo, nasaini karatasi ya rabi, napewa ufunguo. Hata chumba nakodishwa, maana mali yangu haiwezi kulala kwake. Siku zikiisha ananunua tena na kunipa kitu cha asante. Mchongo mzuri kuliko chaja.

Leo ni Ijumaa Kuu pia. Yesu kafa, mimi tajiri.

Jumapili, 5 Aprili

Pasaka yetu. Kanisa la Wakongo, Hillbrow, hapa hapa Joburg. Mchungaji kaombea Durban, kule wanafukuza wageni na kuchoma maduka. Watu hawakuimba vizuri. Mimi nikawaambia nje, msiogope, wakija huku nitawakopesha biskuti. Walicheka. Si sana.

Jumanne, 7 Aprili

Vijana wamepita mtaani kwetu La Rochelle mlango kwa mlango. Wageni tutoke kabla ya wikiendi. Wamesema kwa adabu kabisa. Mama Furaha, huyu Mkongo wa Bukavu mwenye saluni, chumba chake kimepakana na changu, wamemwita mama. Naye kawajibu asante. Nimemuuliza, asante ya nini? Kasema hajui, mdomo ulijiendea.

Kwenye robot hakuna aliyenunua chaja. Jamaa mmoja kashusha kioo, kaniangalia, kacheka. "Eish, wewe bado upo?" Kapandisha kioo.

Jumatano, 8 Aprili

Saluni imevunjwa. Wamebeba hadi nywele za kusukia. Nimemwambia Mama Furaha wezi atawajua tu, watakuwa na rasta ndefu. Hakucheka. Mimi nikiogopa nachekesha. Ndio ugonjwa wangu.

Ndipo nikakumbuka nina stoo. Nimewaingiza kwa mlango wa nyuma. Yeye na watoto wake, Warundi wa chumba cha juu, fundi cherehani na mkewe mjamzito. Wanalala juu ya magunia ya unga. Nikasema kwa usiku mmoja watanipa ngapi. Mama Furaha kanitazama. Nikasema natania.

Sikuwa natania.

Alhamisi, 9 Aprili

Mzee katugundua. Nyumba yake iko nyuma ya duka, ukuta ni mmoja. Kasikia mtoto anakohoa.

Akaja akabisha hodi. Kwenye mlango wake mwenyewe! Mzee wa miaka themanini, kikofia kichwani, amesimama anangoja nimruhusu. Nikasema, "Karibu boss, jisikie uko nyumbani." Nikacheka peke yangu.

Kaangalia watu. Kaangalia magunia. Mama Furaha akaanza kumwomba, mzee utusamehe, kesho asubuhi tunatoka. Mzee kasema, "Usiniombe mimi. Muombe mwenye stoo." Kidole kwangu. Sijawahi kunyooshewa kidole kibaya vile. Kisha kaenda kwake, karudi na mablanketi na sufuria ya mayai ya kuchemsha.

Mchana kaja Howard, mtoto wake, wa benki kule Sandton kwa matajiri. Ukuta ule hauzuii kitu.

"Watakuchomea duka kwa ajili yao, baba. Watoe."

"Si stoo yangu."

"Ile karatasi ni mchezo. Kila mtu anajua ni mchezo."

"Basi nimecheza na Mungu miaka hamsini. Sitaki kuambiwa hivyo leo."

Howard kapiga mlango, kaondoka. Gari zuri lakini.

Ijumaa, 10 Aprili

 

Walikuja mchana. Wengi. Fimbo, shoka, nyimbo, utadhani harusi. Mzee alikuwa kasimama mlangoni tayari, shati jeupe la sikukuu, maana leo na kesho ni siku zao kubwa za mwisho. Mimi nyuma ya geti la chuma, nachungulia. Mama Furaha kanishika shati nisitoke.

Hakukuwa na haja.

Wakauliza, duka la nani? Mzee akasema, langu. Wakaanza kugeuka. Mzungu mzee, wa nini.

Ila Bheki alikuwepo. Bheki kapakia mizigo hapa miaka mitatu, tumekula magwinya, maandazi ya huku, sahani moja. Anajua kila kitu. Akapaza sauti huku anacheka: "Muongo! Wiki hii ni la mgeni, la kwerekwere Festo. Ufunguo nimeuona kila mwaka ukitoka mkono huu kwenda mkono ule. Kama ni lake, ale mkate. Wiki hii hagusi mkate hata umuue."

Kijana mmoja alikuwa na mkate kwapani, wa slesi, kautoa spaza, kiduka cha Muethiopia kona ile. Wakampa Mzee.

"Kula, mkhulu! Babu, kula!"

Kashika slesi. Mimi nilijua atakataa. Watu hawa wameuawa karne na karne kwa kukataa vitu vidogo kuliko huo. Nikaanza kuangalia dirisha la nyuma linanitosha mimi peke yangu au vipi.

Akala.

Taratibu, macho kwao. Wakashangilia kama goli. Wakampa ya pili. Mmoja akasema jamani babu anakula mkavu, mpeni siagi. Wakaanguka kwa kicheko. Ya tatu ikamkwama. Bheki akampiga mgongoni, kwa upole kabisa, kama mjukuu. "Pole pole, mkhulu." Kisha akampa nyingine. Simu zote juu, wanamrekodi. Makombo kwenye ndevu.

Hadi wakachoka kucheka. Wakaondoka. Stooni hakuguswa mtu.

Nikafungua geti. Mzee amekaa kwenye ngazi. Nikatafuta utani. Haukuja. Sijui niliwahi kuukosa lini.

Kasema sheria yao inasogea pembeni ukiokoa roho ya mtu. Si dhambi, kasema. Ni amri. Akapangusa makombo ndevuni. Halafu: "Lakini nilikuwa na njaa, Festo. Ulikuwa mtamu."

Akalia machozi pale pale ngazini, mchana kweupe.

Jumamosi, 11 Aprili

Mzee hakula kitu leo. Nimemuuliza ana imani ya aina gani, ya kuvumilia hivyo. Kasema imani yake wala si kubwa, tangu mke wake afe anasali kama mtu anayepiga simu isiyopokelewa. Lakini anapiga. Baba yake alikuja Joburg kijana mdogo, kutoka Lithuania. Huko nako waliulizwa duka la nani. Babu yake alisema ukweli, wakamuua.

Zilipotoka nyota, sikukuu yao imeisha, Howard kafika. Walinzi watatu, na karatasi ya kununua tena. Mimi kalamu mkononi zamani. Chukueni! Nani anataka kuwa na duka Joburg wiki hii, na jina la Kigoma?

Mzee kamuuliza Howard, nikinunua, watu waende wapi?

"Hilo si letu. Duka ni lako na langu, na mimi nasema wanatoka sasa hivi."

Mzee akavua miwani, akaifuta na shati. "Basi sinunui."

Nilidhani sijasikia vizuri Kiingereza chake. Nikasema, "Boss, nauza. Nauza bei ya kutupa."

"Nilikuuzia kweli, Festo. Kila mwaka nilikuuzia kweli. Hela iliyobaki utalipa utakapoweza."

Howard kafoka kwa Kiingereza chote anachojua, na anajua kingi.  Walinzi wakaanza kuangalia simu zao.

Namchukia yule mzee. Wao kawapa paa. Mimi kanipa moto.

Jumatatu, 13 Aprili

Kimya. Jana Howard kamchukua Mzee, kaenda kukaa naye kwake, kaskazini mwa jiji.  Kabla ya kupanda gari aligusa mwimo wa mlango wa nyumba yake, pale penye kikasha cha sala zao, akabusu vidole. Mimi kanipungia mkono tu.

Mama Furaha anakaanga chapati. Unga wangu, mafuta yangu, haulizi. Mke wa fundi amelala. Asubuhi nilibeba begi, nikaacha ufunguo juu ya gunia, nikafika hadi kwenye robot. Nikarudi. Sina maelezo.

Bheki kapita saa ile naingia. "Sharp, Festo. Mkhulu kaenda? Sasa duka la nani?" Anatabasamu, meno yote. Nikafunga geti. Kasema sawa, atarudi kuuliza tena.

Basi wewe unayesoma, sogea. Kama una kitambulisho cha kijani cha raia na jina la hapa hapa, tufanye dili. Nakuuzia duka, randi moja. Siku chache tu, mji ukipoa nanunua tena. Karatasi nitaandika kwa mkono wangu mbaya huu, ufunguo utashika wewe. Biskuti kula, whisky tunagawana. Waliomo ndani wabaki walivyo, hilo tu ndilo sharti. Kazi yako ni kusimama mlangoni na kusema ni lako. Na wakikupa kitu ule, ule.