Ananiita Dada Kwenye Simu, Mama Kwenye Kaunta

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla Ijumaa haijafika, maana nimechimba shimo kwa mikono yangu mwenyewe na sasa nimemwingiza humo mtu asiye na kosa.

Mimi ni mwanamke wa miaka hamsini na moja, dobi, napiga pasi kwenye duka la kufulia nguo mwaka wa kumi na nne sasa. Mume wangu ni marehemu, mwanangu wa pekee anafanya kazi mbali na hupiga simu akikumbuka, na nyumbani nina chumba kimoja, kitanda, redio, na kiti cha mgeni ambacho mgeni wake sijamwona. Kuna siku nafika nyumbani nagundua kwamba tangu asubuhi nimesema "risiti yako" na "njoo Jumatano", basi, hayo ndiyo mazungumzo yangu ya siku nzima.

Miaka saba iliyopita mfanyakazi mwenzangu alinionyesha kwenye simu blogu ya mitindo ya mitaani, yaani binti mmoja anapigwa picha kwenye ngazi za majengo, kwenye vituo vya basi, mbele ya kuta zilizobanduka rangi, amevaa mitumba aliyoichanganya kwa akili sana, na chini anaeleza hii kaitoa wapi, ile kaipunguza wapi, na wiki yake ilikuwaje, na mimi nilipoitazama vizuri sketi aliyovaa nikaona ni sketi niliyoipiga pasi juzi, na binti mwenyewe ni mteja wetu. Mshauri, sketi ile niliiharibu. Ilikuwa ya marinda, nilikuwa nimechoka, nikayalaza yote upande mmoja badala ya kuyagawa, nikafunga mfuko wa nailoni nikijua nitagombezwa. Kumbe yeye kaivaa vilevile, kaandika "tazameni marinda yanavyokimbilia upande mmoja", na watu mia tatu wakatoa maoni, na wiki iliyofuata wateja wakaleta sketi zao wakitaka marinda ya kukimbia, na bosi akawaambia huo ni utaalamu wake wa siku nyingi. Nilicheka peke yangu nyuma ya mvuke. Ukiona vyaelea vimeundwa, na mara hiyo muundaji nilikuwa mimi.

Nikafungua akaunti kwa jina la kubuni, nikaanza kumwandikia. Akilalamika doa la wino, namwambia la kufanya. Akiuliza hariri ioshwe vipi, najibu. Siku moja akaniuliza, "Dada, unajua nguo hivi, una duka?" nami nikaandika "Ndiyo". Neno moja tu, mshauri. Lakini ndiyo hiyo ikataka mji, nikasema naishi mji mwingine, na mji ukataka duka lenye vioo, na duka likataka wasichana wawili wa kuuza, mpaka nikawa na wasiwasi na mauzo ya duka ambalo halipo. Akipiga simu sipokei, namwandikia kwamba mtandao mbaya, ili asiitambue sauti yangu.

Basi mambo yakageuka. Watu wakaacha kusoma blogu, wakataka video za nusu dakika, mtu anazunguka mara tatu kabadilisha nguo tatu. Naye akajaribu, maduka yakamletea nguo za bure, nikaziona zilipofika kaunta, zote za namna moja, lebo bado zinaning'inia, zimevaliwa mara moja kwa ajili ya picha na zinaletwa zitolewe jasho zirudi zilikotoka. Aibu ya maiti aijuaye mwosha. Mwenyewe alikuwa amepungua, nguo za kiunoni nilikuwa naziona zimetiwa pini. Maoni mia tatu yakawa thelathini, thelathini yakawa manne, na mwaka huu tumebaki wawili, yeye anaandika na mimi nasoma. Sikuwahi kuipenda kwa ajili ya nguo, maana nguo nashinda nazo. Niliipenda kwa sababu kila Jumamosi kulikuwa na mtu ananisimulia wiki yake.

Mwezi uliopita akaifunga blogu. Akaniandikia faragha kwamba kazi yake ya mapokezi imekwisha, kwamba wale wote waliokuwa wakimwita kipenzi hawapokei simu, na kwamba mimi ndiye dada pekee aliyebaki naye duniani, je, naweza kumpa kazi dukani kwangu? Nilisoma ujumbe ule mara kumi. Nikaandika, "Njoo." Nilitaka tu alale na furaha siku ile, nikajiambia kesho nitarekebisha, na kesho sikurekebisha, na sasa amemwambia mwenye nyumba wake kwamba mwisho wa mwezi anahama.

Jumamosi iliyopita alikuja na mifuko minne, nguo zake zote. Akaziweka kaunta, macho yake yakiwa kwenye simu, akaniambia, "Mama, hizi zifanye vizuri, tafadhali. Naenda kuanza maisha kwa dada yangu." Nikamuuliza, "Dada wa tumbo moja?" Akasema, "Zaidi ya hapo." Nikampa risiti. Anazichukua Ijumaa.

Nifunge akaunti nipotee? Nimwandikie duka limeungua? Kuna suti ya bluu ya mteja aliyehama, mwaka mzima haijachukuliwa, nimeijaribu inanikaa sawasawa, na nimewahi kuwaza nisafiri nikampokee nikiwa nimeivaa, halafu mengine yatajulikana hukohuko. Najua ni ujinga. Sitaki kumpoteza.

Dobi

JIBU

Dobi wangu, pole. Hiyo ndiyo pole yako, nimeitoa kwa moyo wote, sasa kaa nikugombeze.

Irudishe suti ya watu kwenye henga. Nguo ya kuazima haisitiri matako, na wewe uliyeshika nguo za watu miaka kumi na minne hukuhitaji kukumbushwa na mimi. Duka lisiungue. Halijawahi kujengwa, na ukiliunguza utalazimika kumlilia moto, kisha majirani, kisha wale wasichana wawili, na yeye atakuja mbio kukufariji. Na kupotea ndiyo usithubutu. Watu mia tatu wameshampotea binti huyo bila kuaga, nawe unataka kuwa wa mia tatu na moja, tena ukiwa umeshamtoa kwenye nyumba yake?

Upweke si kosa. Nami napokea barua nyingi za watu ambao kutwa nzima hawajaitwa kwa jina. Lakini upweke wako haukukupa ruhusa ya kumhamisha mtu. Ulipoandika "ndiyo" ulikuwa unaona haya kwa kazi yako, hilo nalielewa na nakusamehe mimi nisiyehusika. Ulipoandika "njoo" ulikuwa unajihurumia mwenyewe ukajidai unamhurumia yeye. Tofautisha hayo mawili, maana atakuuliza.

Na yeye pia ana lake. Miaka saba anaipamba barabara, anatazama kila ukuta uliobanduka rangi, na hajainua macho kumtazama mwanamke anayempokea nguo. Wengi waliichoka mitindo ya namna hiyo kwa sababu hiyohiyo, iliwatazama watu ikaona nguo tu. Lakini usimwambie hayo. Akiyafikia mwenyewe, vizuri. Wewe kwa sasa huna haki ya kumlaumu mtu.

Sasa sikiliza. Usimngoje kaunta, mbele ya bosi na wateja, ambako hawezi kulia wala kukutukana inavyostahili. Mwandikie. Maneno machache: sina duka, siishi mji huo, mimi ni dobi unayemletea nguo, nilikudanganya, usihame. Neno "usihame" litangulie, maana kila siku inayopita mwenye nyumba anatafuta mpangaji mwingine. Usiweke sababu zako humo, wala mume wako marehemu, wala kiti chako cha mgeni. Ukimliza kwa ajili yako, atasahau kukasirika, na hasira hiyo ni haki yake. Mwachie namba yako ya kweli, na safari hii akipiga, pokea. Kama mwenye nyumba ameshakasirika, nenda wewe mwenyewe ukamweleze kwamba kosa ni lako. Miguu unayo.

Ijumaa mpe nguo zake kwa mkono wako, marinda yamegawanywa anavyotaka yeye. Anaweza kuzichukua bila neno na asirudi tena. Ikiwa hivyo utaumia, na sitakudanganya kwamba utazoea haraka. Jumapili mpigie mwanao, usingoje akukumbuke.

Jambo la mwisho. Umeliandikia gazeti, dobi. Umetaja sketi, mifuko minne, na siku ya kuchukua nguo. Mtu anayetaka kujificha haandiki hivyo. Ulitaka ajue, ila ulitaka mtu mwingine amwambie ukiwa nyuma ya mvuke. Kazi hiyo siipokei. Barua hii itatoka gazetini Alhamisi, ndiyo maana nimekutumia jibu leo Jumatatu kwa namba uliyoniachia. Simu iko mkononi mwako, maana ndiyo unayosomea haya. Ukifika hapa usirudie kusoma. Mwandikie.