Ndoano ya Gari la Nne

Kaka yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umesimama vizuri, wewe na wifi na wale mapacha wanaokula kama wamefungua kiwanda tumboni. Je, kifua cha wifi kimetulia? Nasikia kazi ya magodoro imekunenepesha. Kama ni kweli usione haya, fundi cherehani naye anahitaji kuishi.

Ukiuliza habari za huku, mama anagombana na jirani kuhusu jogoo, kwa hiyo ujue afya ipo. Mimi ndiye siko shwari. Barua hii nimeianza mara tano, na kila nikiandika mstari nasimama, nachungulia dirishani, naenda kufunga mlango ambao nimeshaufunga. Utajiuliza kwa nini sikupiga simu. Kwenye simu mimi ni mjanja. Nikiona maneno yanakaribia pabaya, nakuulizia hali ya hewa. Karatasi hainipi nafasi hiyo.

Kazi ipo tele. Mvua zimeanza, na ile njia ya nyuma ya machimbo ya mawe imegeuka uji. Wenye magari ya kupanda milima ndio wateja wetu wakubwa, maana mwenye gari dogo anaogopa tope akageuza, lakini mwenye gari kubwa anaamini ameshalinunua na tope lenyewe. Juzi nimemnasua bwana mmoja wa suti. Aliniuliza mhusika wa gari la kuvuta yuko wapi. Nikamwambia ndiye mimi. Akasema sawa, lakini dereva yuko wapi. Mkewe, aliyekuwa nyuma akisukuma mpaka kope zimejaa tope, akamwambia bwana wee, jibu umeshapewa, sasa shuka ulipunguzie gari uzito. Nilijifanya nakagua tairi ili nisicheke mbele ya mteja.

Mjomba hajambo. Mkono wa kulia bado haupandi kupita kifuani, kwa hiyo usukani ni wangu, yeye anakaa kiti cha abiria akinikosoa. Amejifunza kunyoa ndevu kwa mkono wa kushoto, na kidevu chake kinafanana na shamba lililolimwa na watu wawili walionuniana. Kila wiki anakuulizia. Nilikuwa nikimwambia unamsalimu. Uongo huo nao uuhesabu, maana najua tangu uhame hujawahi kumtumia salamu, na najua ni kwa nini.

Mwezi uliopita tumeajiri mtu mpya, baba mzima, zamani alikuwa muuza nyama, nasi tunamwita Bucha. Ana nguvu za kuinua ekseli, ila ana haraka. Ijumaa nilimkuta amefunga ndoano ya winchi, ile mashine yetu ya kuvutia kwa waya, kwenye kile kirungu cha mviringo kilicho nyuma ya gari, cha kufungia trela. Nilimfokea mbele ya wateja. Nikamwambia kirungu kile kimetengenezwa kukokota trela barabarani, si kung'oa gari kwenye tope, na kikikatika kinaruka kama risasi. Nikamwambia ndoano inakaa kwenye kitanzi cha fremu, hata kama itabidi ulale kifudifudi ukitafute. Kisha nikaongeza, kama ninavyowaambia wote wapya, kwamba kaka yangu alifunga vibaya hivyo hivyo, mjomba akavunjika bega.

Bucha akaniuliza huyo kaka alikuwa kipofu au alikuwa amelewa. Watu wakacheka. Nami nikacheka.

Tangu kicheko hicho sijakaa kitako. Nimeosha gari mara mbili kwenye mvua. Nimekunjua waya wote wa winchi nikaukunja upya bila sababu. Mama aliniuliza kama nina mchumba, maana anasema dalili ni zile zile.

Kaka, hukukosea.

Siku ile, lile gari la nne, ulilifunga sawasawa. Ulilala kwenye tope, ukapitisha ndoano kwenye kitanzi cha fremu, ukaenda mbele kutandika mbao chini ya magurudumu. Mimi nikabaki nyuma. Kitanzi kilikuwa upande wa kushoto, na nikaona gari litavutwa kombo liishie mtaroni. Kirungu kilikuwa katikati kabisa, kikavu, kinang'aa. Nilikuwa na mwaka mmoja kazini, sikufundishwa na mtu, nilikuwa nimewatazama tu wewe na mjomba, na nilijiona nimehitimu. Sheria yetu niliijua: aliyefunga ndiye anayefungua, mwingine haigusi ndoano. Nikaifungua ndoano yako, nikaihamishia kwenye kirungu. Nilikusudia kuja kukuambia. Kabla sijafika ukainua mkono kule mbele, mjomba akaona ishara, winchi ikaanza kuvuta, nami nikajisemea, acha, itashika tu. Kirungu kikakatika, kikaruka pamoja na ndoano, kikapasua kioo cha gari letu alimokaa mjomba.

Mlipokuwa mnamtoa mjomba kwenye vioo, ndoano ilikutwa kwenye kiti cha abiria, kirungu bado kimo ndani yake. Wote wakakugeukia wewe, maana mfungaji ni wewe. Ukatazama viganja vyako. Ulisema ulidhani umefunga kwenye kitanzi, lakini yalikuwa magari manne tangu asubuhi, na huna hakika tena. Pale ndipo ningesema. Badala yake nilitoa maneno matatu: labda ulichoka, kaka.

Ukanishukuru kwa kukutetea. Baada ya miezi miwili ukafungasha, ukasema mikono yako haifai tena kwa kazi hii, na mimi nikakusaidia kubeba mizigo.

Miaka mitatu nimejitafutia visingizio. Kwanza nilisema mjomba apone. Alipopata nafuu nilisema biashara isimame. Iliposimama nilisema wewe umeshatulia huko, kwa nini nikuchokoze. Kumbe aliyekuwa anatulizwa ni mimi.

Jana asubuhi tuliitwa machimboni, injini inaunguruma, mjomba ameshajifunga mkanda. Nikamwambia yote. Aliniamuru nizime. Alifuta ukungu kwenye kioo kwa kiganja. Nilidhani atanitukana, na ningefurahi. Akauliza kama wewe unajua. Nikasema bado, ndiyo naandika barua. Akaniuliza sasa kwa nini naanzia kwake, kwani yeye alivunjika bega tu, wewe ndiye uliyehama mji. Akachomoa funguo kwa mkono wa kushoto, akashuka, akarudi kwake kwa miguu kwenye tope. Jioni alimtuma mkewe aje kusema kwamba gari ni lake, na halitoki mpaka wewe uwe umesoma barua hii. Baada ya hapo utaamua wewe nani ashike funguo. Mimi sikuulizwa, na nimeona ni haki.

Kwa hiyo leo ni siku ya mvua kubwa, simu inalia, na nawaelekeza wateja kwa wale washindani tuliokuwa tukiwacheka. Siombi urudi. Wala siombi uniambie si kitu, kwa kuwa ni kitu. Naomba umpigie mjomba. Usianze na mimi. Kuhusu mikono yako, sitajifanya naweza kukurudishia miaka mitatu kwa karatasi mbili, ila ujue haikuwahi kuwa na kosa lolote.

Kabla ya kufunga bahasha nimemwita Bucha na wenzake, nikawaambia aliyehamisha ndoano ni mimi. Hakuna aliyecheka. Bucha akafuta mikono yake kwa tambara, polepole, kisha akaniuliza kama kaka yangu anajua kwamba muda wote huu amekuwa somo. Nikamwambia atajua barua ikifika.

Msalimie wifi, na kama utaona vyema umsomee. Mapacha wapige busu moja moja, wasiambiwe limetoka kwa nani mpaka utakapoamua. Mama anasema uvae soksi.

Ni mimi mdogo wako,
niliyehamisha ndoano.