Kadi ya Ubatizo ya Babu Yako

Mujukuu wangu Ramazani,

Huku Kalemie tuko wazima, magoti yangu tu njo yanakataa ngazi za kanisa. Dada yako amejifungua mutoto mwanamuke.

Umeniuliza: kwa kuwa rais wa inchi unayotaka kwenda amewafungia Waislamu mulango, na jina lako linadanganya watu wake kwamba wewe ni Mwislamu, nikutafutie barua ya padri kwamba wewe ni Mukristo?

Nilipokuwa bibi-harusi, babu yako, katekista, alirudi na boti kutoka Kigoma. Mukubwa mumoja wa serikali hapa alikuwa ameamuru Waislamu wasiingie mujini. Askari walichagua watu kwa majina tu. Babu yako alipewa jina la rafiki Mwislamu wa baba yake, kama tunavyofanya kwetu, basi wakamukalisha bandarini pamoja nao.

Nilikimbia na kadi yake ya ubatizo. Askari akaisoma, akacheka: "Katekista, simama uende."

Babu yako akasema, "Feza, rudisha hiyo kadi nyumbani." Akabaki amekaa.

Nilikasirika! Siku tatu nilimupelekea bukari na samaki bila kumusemesha. Ndipo waamuzi wa tribinali wakasema mukubwa hana uwezo wa kutunga sheria peke yake, na wote wakaachiliwa.

Ukitaka hiyo barua, nitaenda parokia kesho, na sitakuwazia vibaya. Ila nilipomuuliza babu yako sababu, alinijibu hivi tu: "Muzee wa pembeni yangu alikuwa amenishika mukono. Ulipotoa kadi, akauachilia."

Nyanya yako,
Feza